Udongo Uliomficha Tekla

Jua lilikuwa limeshazama na Mlima Hanang umebaki mweusi kama ukuta, Judica aliposema, "Idd, sehemu moja tu. Moja, halafu tunaondoka."

Idd, dereva wa kituo, alitazama mafuta ya gari, akatazama mawingu, akaendelea kuendesha. Walikuwa wamezunguka Katesh tangu asubuhi, shamba hadi shamba, Judica akichota udongo na kuutia kwenye mifuko ya plastiki. Ndiyo kazi iliyomleta Manyara kutoka kwao Same. Alikuwa anatafuta bakteria wa udongoni, viumbe wasioonekana kwa macho, anawapambanua huyu na yule, na akimpata ambaye dunia bado haimjui, anampa jina. Kituo chao cha utafiti kilikuwa kule Endagikot, Mbulu, kwenye ukungu. Lakini udongo alioutamani kuliko wote ulikuwa huu wa hapa, tope lililoporomoka kutoka mlimani Desemba ile, likabeba nyumba, watu na mifugo, kisha likakauka na kuota majani kana kwamba halikufanya kitu.

Tope lile lilitoka ndani ya mlima. Judica aliamini limetoka na kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona.

Sehemu aliyoitaka ilikuwa pembeni mwa shamba la mahindi. Kulikuwa na tuta pana. Pande zote palikuwa pamelimwa vizuri, lakini tuta lenyewe halikuwa limeguswa na jembe. Hapakuwa na msalaba wala jiwe, ni majani marefu tu yaliyokuwa yanalala na upepo.

Mama mmoja alitoka kwenye nyumba ya jirani na tuta hilo, amejifunga shuka mabegani.

"Shikamoo, mama," Judica alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta nini?"

Judica akamweleza. Mama yule, ambaye jina lake lilikuwa Marieta, alisikiliza mpaka mwisho, akaelekeza kidole kwenye mahindi.

"Chukua kule. Chukua unavyotaka. Hapa, hapana."

"Hapa kuna nini, mama?"

Marieta aliligeukia tuta.

"Tekla wangu hakupatikana," alisema. "Alikuwa ametoka kufungulia mbuzi asubuhi ile. Watu walichimba, wakaleta mpaka greda. Mbuzi mmoja walimkuta hapa. Nikasema, labda na yeye yuko hapa. Sijui. Lakini hapa hapachimbwi."

"Pole sana, mama."

"Asante. Baridi hii... ngojeni niwaletee chai."

Akaingia ndani. Judica alibaki amesimama mbele ya tuta. Alisikia kuni zikivunjwa, sufuria ikiwekwa motoni. Hapo ndipo tope lilipokuwa limejaa zaidi kuliko kote walikopita. Alikuwa amelipima kwa macho tangu wanashuka garini. Alimtazama Idd. Idd akageuza uso akatazama barabarani.

Judica akapiga magoti, akachimba. Alichimba haraka, kwa mkono wote, kama mtu anayeiba mihogo. Udongo wa chini ulikuwa na unyevu na harufu nzito, ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapoigusa. Akajaza mfuko, akafukia shimo, akayasimamisha majani kwa vidole.

Marieta alipotoka na vikombe, mfuko ulikuwa tayari ndani ya gari.

Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi. Judica aliinywa yote.

*

Alianza kuuchekecha udongo ule akiwa peke yake maabara. Kwenye chekeche kulibaki mizizi, changarawe, na kitu kimoja cheupe. Akakishika kwa kibano. Akakigeuza chini ya taa.

Jino.

Jino la mbele, dogo, ambalo makali yake bado yalikuwa na vijino-vijino kama msumeno. Meno ya mtoto yanayoota baada ya yale ya utoto kung'oka ndivyo yalivyo, kabla hayajasagika kwa kula miaka na miaka.

"La mbuzi," Judica alisema kwa sauti.

Lakini Judica alikulia Same, nyuma ya mbuzi wa babu yake. Jino la mbuzi alilijua.

Alijua pia la kufanya. Kumpigia mtendaji wa kijiji, polisi waje, tuta lichimbuliwe, mama yule apate mtoto wake amzike. Na alijua kitakachofuata. Udongo ule ungekuwa kaburi la mtu, na hakuna ambaye angemruhusu kuutumia. Dokta Bonaventura, mkuu wa kituo, alikuwa anamuuliza matokeo kila wanapokutana kwenye korido. Wenzake wote walikuwa wameshapata kitu. Yeye bado.

Alilitazama jino kwa muda mrefu. Kisha akafungua kibano juu ya mfuko mwekundu, ule wa taka za kuchomwa. Halikutoa hata sauti lilipoanguka.

Jioni mlinzi aliwasha tanuri la taka. Judica alisimama dirishani akatazama moshi ukipanda na kupotelea kwenye ukungu.

*

Bakteria waliota.

Katika sahani zote ndogo za maabara alizopanda, udongo wa tuta ndio uliotoa kitu kigeni. Yalikuwa madoa madogo ya rangi ya maziwa ambayo kwa siku chache yaligeuka kuwa hudhurungi na kutoa harufu. Alipowatazama kwa hadubini aliona nyuzi nyembamba zilizosokotana kama nywele. Aliwapima kwa chumvi, kwa joto, kwa sukari za kila aina, akaona wanachokula na wanachokataa. Vinasaba vyao vikapelekwa kusomwa, vikalinganishwa na vya bakteria wote wanaojulikana.

Hawakufanana na yeyote.

Dokta Bonaventura alimkumbatia koridoni mbele za watu. "Spishi mpya, Judica! Kutoka hapa hapa kwetu! Tafuta jina zuri."

Judica alicheka. Siku ile alicheka kweli, akampigia simu mama yake Same. Lakini usiku alipolala, harufu ilikuwa chumbani. Harufu ya udongo uliolowa, na nje ilikuwa kiangazi.

Harufu yenyewe alikuwa na maelezo yake. Bakteria wa aina ile ndio wanaoipa ardhi harufu baada ya mvua. Kila mwanafunzi wa somo lake anajua. Imeshika kwenye nywele, alijiambia. Imeshika kwenye koti. Akafua koti, akaosha nywele.

Harufu haikuondoka.

Kisha ikaja sauti.

Ilikuwa jioni, umeme umekatika, na Judica ameingia maabara kuangalia kama kabati la joto limepoa. Ndilo walilokuwa wakioteshea sahani. Aliposhika kitasa, akasikia.

Krrr...

Akatulia.

Krrr... krrr...

Ilitoka ndani ya kabati. Ilikuwa sauti ya kucha. Mtu anakwaruza, anapumzika, anakwaruza tena... kama anayechimba na hana jembe.

Judica alivuta mlango kwa nguvu. Hakukuwa na panya wala mende, ni sahani zake tu zilizopangwa kama alivyoziacha. Akamulika kwa simu, moja baada ya nyingine. Madoa. Madoa. Madoa.

Na moja haikuwa na madoa.

Katika sahani hiyo bakteria walikuwa wameota kwa umbo la kiganja. Vidole vitano, vifupi, na mistari ya kiganja ikionekana vizuri. Kilienea chote ndani ya sahani. Mkono wa mtu mzima usingeenea.

Alimpelekea Dokta Bonaventura kesho yake. Mzee yule aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa. "Kuna mtoto kaingia humo akagusa. Watu wa usafi wanakuja na watoto wao. Funga mlango, bwana, na umalize jina."

Judica hakubisha. Lakini sahani ile alikuwa ameizungushia utepe yeye mwenyewe, na saini yake ilipita juu ya utepe hadi kwenye kifuniko. Utepe haukuwa umefunguliwa.

Akamaliza jina. Aliwapa jina la ule mlima. Kisha akafanya lililobaki, kwa sababu spishi mpya haikubaliwi mpaka mbegu yake iliyo hai ihifadhiwe katika nchi mbili tofauti, ili yeyote duniani atakayeitaka aipate. Alifunga vichupa kwa mikono yake, akavitia kwenye maboksi, akaandika anwani za ng'ambo, akamkabidhi Idd avipeleke Arusha.

Gari lilipotoka getini, jua lilikuwa linazama na ukungu unashuka kutoka upande wa kijiji cha Daudi. Judica alirudi maabara kuzima mitambo. Umeme ukakatika kabla hajagusa swichi.

Harufu ikajaa chumba.

"Shikamoo."

Sauti ya mtoto. Nyuma yake, mlangoni.

"Marahaba," Judica alijibu kabla hajafikiri, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Neno lilishatoka. Akageuka taratibu.

Alikuwa msichana mdogo, mwenye sweta la shule. Rangi ya sweta haikujulikana kwa tope. Nywele zilikuwa zimeganda kichwani. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama watoto wafanyavyo wakiona haya meno yao.

"Umepotea?" Judica alinong'ona.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Walinitafuta wengi," alisema nyuma ya kiganja, sauti yake nzito kama ya mtu mwenye mafua. "Walichimba. Nikawasikia juu... Hawakuniona."

Judica alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Wewe uliniona."

Akaushusha mkono. Mbele palikuwa na pengo la jino moja.

Mlinzi alimkuta Judica amekaa chini, umeme umesharudi, taa zote zinawaka. Mlangoni sakafu ilikuwa na tope. Mlinzi alisema ni la buti zake yeye Judica, ametoka nalo bustanini. Huenda. Lakini Judica alikuwa amevaa kandambili.

*

Alikusanya kila kitu. Sahani zote, vichupa vyote vya kwenye jokofu, na mfuko wa udongo uliobaki. Hakumwambia Dokta Bonaventura. Wiki iliyofuata, Idd akiwa amesharudi kutoka Arusha, akamwamsha alfajiri, wakashuka kupitia Dongobesh na Babati, na njia nzima Judica alilishikilia boksi mapajani.

Marieta alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Alipomwona akatabasamu, akasema, "Mtu wa udongo!" Tabasamu lile lilimuuma Judica kuliko tusi.

"Mama, nina neno. Tukae."

Akamwambia. Alianza na tuta, na chai aliyoinywa. Kisha chekeche. Alipofika kwenye jino, alisema akiutazama ungo wa maharage.

Marieta hakupiga kelele. Aliweka ungo chini.

"Lilikuwaje?"

"Dogo. La mbele. Makali yake kama msumeno."

"Meno yake mapya," Marieta alisema. "Kila asubuhi alikuwa anajiangalia kwenye kioo. Anaziba mdomo anacheka." Akanyoosha kiganja. "Nipe."

"Sina, mama."

"Liko wapi?"

"Nililichoma."

Kuku walipita katikati yao wakidonoa maharage yaliyomwagika. Marieta hakuwafukuza.

"Na majivu?"

"Yanamwagwa shimoni na taka nyingine. Nimeyatafuta, mama. Hayajulikani."

Mama yule alitazama mikono yake kwa muda. Judica alitamani apigwe. Alikuwa amejiandaa kupigwa, angeona nafuu.

"Na humo kwenye boksi?"

"Ni bakteria niliowakuta kwenye ule udongo. Ni vijidudu vidogo sana. Wanaishi kwa kula vitu vilivyo..." Hakumalizia.

"Wamemla."

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Huenda," Judica alisema. "Huenda, ndiyo."

Marieta akalivuta boksi, akafungua kifuniko. Harufu ikatoka. Aliinama akainusa kwa macho yaliyofumbwa, kwa muda mrefu, kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga.

"Basi hawa ndio waliobaki naye," alisema. "Tutawazika hawa."

Katekista Nicodemo aliitwa. Alisita, akakuna shingo, akasema hajawahi kuzika kitu cha namna hii na hajui paroko atasema nini. Marieta alimtazama tu. Katekista akatoa kitabu chake cha sala.

Walizika jioni, pale pale kwenye tuta. Sahani zilifungwa kwenye kitambaa cheupe, na udongo wa mfuko ukarudishwa juu yake. Hawakufika watu kumi. Marieta aliongea na shimo kwa Kiiraqw, maneno machache ambayo Judica hakuyaelewa, halafu akainuka na kumshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kizito.

"Ni wote?" aliuliza.

Judica aliyaona akilini maboksi mawili yaliyokwisha kuvuka mpaka. Aliona jina lake chini ya jina la mlima. Akaona pia uso wa yule mama, kwamba kwa mara ya kwanza tangu wamekutana ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo na anangoja tu kuambiwa umefika. Alifungua mdomo aseme ukweli.

"Ndiyo, mama. Ni wote."

Marieta akavuta pumzi, akaitoa.

"Tangu siku ile sijafunga mlango jioni," alisema. "Nilikuwa nasema, akija asikute pamefungwa. Leo nitafunga, nilale."

Akamshukuru. Alimshukuru mara mbili. Kisha akaingia ndani, na Judica akiwa anapanda gari alisikia komeo likishushwa.

Ngurumo zilikuwa zimeanza upande wa mlima. Idd aliwasha gari, akawasha taa, kisha hakuondoka. Alikuwa anatazama kwenye kioo cha pembeni.

"Madam, mtoto wa nani yule pale mlangoni? Si wamfungulie? Mvua inakuja."

Judica hakugeuka.

"Twende, Idd."

"Mtoto mdogo kabisa. Amesimama tu anashika mlango..."

"Idd. Twende."

*

Dokta Bonaventura aliambiwa kwamba sahani ziliingia uchafu, ikabidi ziteketezwe. Alikasirika siku mbili tatu, halafu akasema si kitu, mbegu ipo ng'ambo, tutaomba nyingine. Na wengine wanaomba. Spishi ilikubaliwa, jina likaingia kwenye orodha ya dunia, maabara za nchi ambazo Judica hajawahi kuzikanyaga hutumiwa vichupa, huvifungua, huotesha. Kila wanapoota hujigawa, mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Judica alijaribu kuandika barua ya kuomba waharibiwe. Aliianza mara kadhaa. Kila alipofika pa kueleza sababu, alikwama.

Aliomba uhamisho, akapewa. Harufu ilimfuata, lakini ameizoea.

Asichokizoea ni simu. Marieta humpigia Jumapili baada ya misa, kumjulia hali. Humuita mwanangu. Humweleza habari za mahindi, bei ya maharage, magoti yake. Jumapili moja alichelewa, akapiga magharibi.

"Mwanangu, siku hizi nalala usingizi. Mungu akubariki sana."

"Asante, mama."

"Ila jioni kuna kitu kinanisumbua." Akashusha sauti. "Kuna mtu anabisha. Sauti kama ya mtoto. Anasema, mama, nifungulie, nimekuja."

Judica alikaa kitandani.

"Siku ya kwanza nilitaka kukimbia kufungua. Majirani wakaniambia nisithubutu. Wanasema ni wachawi, wanachukua sauti ya marehemu ili waingizwe ndani. Maana mtu aliyezikwa harudi. Na Tekla tumemzika, si ndiyo? Wewe ulisema ni wote."

Simu ilikuwa imelowa jasho mkononi mwa Judica. Alijua kwamba neno moja lingetosha. Na alijua kwamba neno hilo likitoka, mama yule angeinuka akaufungue mlango, na ni nini kingekuwa kimesimama nje hakuna ajuaye, hata yeye aliyesoma.

"Mwanangu? Upo?"

"Nipo, mama." Akafumba macho. "Ndiyo. Ni wote."

"Basi sifungui," Marieta alisema.

Nyuma ya sauti yake, mbali, Judica alisikia mbao zikigongwa. Polepole. Kwa mkono mdogo. Kisha Marieta akaongeza sauti ya redio.